Sahani ya Ugali Chini ya Mwamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikataliwa na kofia. Mtunza stoo wa mgodi, pale nje kidogo ya mji wa Geita, alinipa helmeti ya njano, nikaijaribu, ikakaa juu ya pembe zangu kama kifuniko cha sufuria isiyo yake. Akaleta kubwa zaidi. Haikusaidia. Akaitwa Afisa Usalama, akanizunguka mara mbili akinitazama kichwa, kisha akasema kanuni ni kanuni: bila kofia hakuna kushuka, na kama pembe ndizo zinazozuia kofia, karakana wana msumeno mzuri wa chuma.

Nikamjibu kwamba karakana wana drili pia. Nikatoboa kofia matundu mawili, nikaivaa, nikashuka. Niliivaa kofia ile mpaka nastaafu, na matundu nikayapanua kadiri pembe zilivyonenepa.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazini leo, Wahembe na wanadamu, kwa sababu nasikia mengi yanasemwa juu yetu huko mitaani. Eti sisi ni majini. Eti ukiota pembe zetu, kesho utapata dhahabu. Uongo mtupu. Sisi Wahembe tumetoka ndani ya mwamba na humo ndimo tunamorudi. Mhembe huzaliwa bila kivuli, hukipata siku anayopewa jina. Akimaliza maisha yake huingia mwambani, na zinazobaki ni pembe zake tu, ambazo ndugu huziweka kwenye rafu juu ya jiko. Tunasalimiana kwa kugusanisha pembe, mdogo akitanguliza ya kushoto. Wakigombana wawili, wote hubandika pembe kwenye jiwe moja, na yule mwongo jiwe humtetemesha mpaka meno. Na chakula chetu ni mvuke. Majirani zangu wa Kalangalala, pale mjini Geita, walikuwa hawachoki kunialika, maana mgeni kama mimi huacha ugali wote sahanini, ila umepoa.

Kazi yangu iliitwa usikilizaji. Baruti zikishalipuliwa, mwamba wa juu hupata nyufa zisizoonekana. Wanadamu huugonga kwa mtaimbo: ukilia kama kengele ni mzima, ukitoa mlio mzito ni mgonjwa, unaweza kushuka wakati wowote. Sisi hatugongi. Tunabandika pembe na kunyamaza.

Lakini kusikiliza ni nusu ya kazi. Mhembe akisema mwamba ni mzima, neno lake tupu halipokelewi. Analetewa sahani ya ugali wa moto, anakaa chini ya mwamba huohuo, peke yake, anakula mvuke mpaka sahani ipoe. Ikipoa, wachimbaji wanaingia. Akiona mwamba ni mgonjwa hukataa sahani kwa neno moja: sili. Hatoi sababu wala habembelezwi. Ndivyo tulivyofanya kazi tangu kabla ya mashine, na sijaona mashine inayokubali kukaa chini ya kile ilichokisifia.

Nyapara wa zamu yangu ya kwanza, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi, alicheka sana niliposema sili kwa mara ya kwanza. Akauliza kama ugali hauna chumvi. Kabla hajamaliza kuwachekesha wenzake mwamba ukashuka, vumbi likatufunika wote. Tangu siku ile sahani aliipokea yeye mwenyewe kwa Mama Kulwa, mpishi wetu, akaileta chini kwa mikono miwili. Salamu yake ya asubuhi, akiniita mama kwa Kisukuma, ikawa, “Mayu, umekula?”

Baadaye nilipelekwa upande wa Shinyanga, kwenye machimbo madogo. Huko shimo la kuchimbia huitwa duara, na magogo yanayozuia kuta zisibomoke huitwa matimba. Mwenye duara alikuwa mchoyo wa matimba. Nilisema sili siku tatu mfululizo, ya nne akanifukuza. Wachimbaji wake wakapanda juu pamoja nami, wakaketi kivulini mpaka magogo yalipoletwa. Sikurudishwa kazini pale, na sikuomba.

Niliporudi Geita nilimkuta Meneja wa Chini, yaani mkubwa wa shughuli zote za ardhini. Alikuwa kijana, msomi, mwenye adabu na haraka nyingi. Wakati wake ndipo baba yangu aliporudi mwambani, kule kwetu Samuye.

Hapa lazima nieleze mila moja. Mhembe aliyefiwa hufunga pembe zake kwa ukanda wa ngozi mpaka mwezi uandame mara mbili, na kwa muda huo hasikilizi mwamba wowote. Niliporudi kutoka Samuye Meneja alinisihi niufungue. Njia ya Saba, handaki jipya lililofuata mkanda wa dhahabu, ilikuwa inasubiri. Nikaufungua. Simsingizii mtu. Nilijiona bingwa, nikadhani mila ile ni ya wanagenzi.

Nikabandika pembe. Nikasikia mvumo mtulivu, wenye joto, nikausikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu ulinipendeza. Nikasema mwamba ni mzima, nikaomba sahani, nikakaa. Ugali ulikuwa bado unatoa mvuke mwamba uliposhuka.

Haukuwa mwamba niliousikia. Alikuwa baba. Aliyerudi karibuni husikika kila penye jiwe, na aliyefiwa hawezi kumtofautisha na kitu kingine chochote. Ndiyo maana tunafunga pembe. Nililia wodini kwa aibu, na pia kwa furaha ya kumsikia, siwafichi.

Nilivunjika mguu na pembe ya kulia. Kipande cha pembe kilibaki kimekwama kwenye bonge la mwamba lililoanguka. Meneja akaagiza bonge lile lipelekwe kwenye karasha, lisagwe pamoja na mawe mengine. Nikatuma ujumbe kutoka kitandani kwamba pembe ya Mhembe haisagwi. Wachimbaji wakaliviringisha bonge mpaka ukutani mwa Njia ya Saba, wakaliziba kwa saruji kipande kikiwa ndani, kisha wakamwambia Meneja wamelipoteza. Bonge zito kuliko ng'ombe.

Nilipopona, miezi ikiwa imepita na ukanda umefunguliwa kwa haki, Meneja alinisubiri kwenye mlango wa Njia ya Saba, zamu nzima ikiwa imesimama nyuma yake na taa zao. Mkononi alikuwa na fomu.

“Bi Holo,” akasema, “mila yenu imekuvunja pembe. Kuanzia leo unasikiliza, unasaini, basi. Mambo ya ugali yamekwisha.”

Nikamwambia mila ndiyo iliyofanya nivunjike mimi peke yangu. Kosa langu lilinikuta mimi chini ya mwamba, halikumkuta mtoto wa mtu. Kwa fomu yake ningekosea vilevile, ila ningekuwa ofisini nakunywa chai. Kisha nikabandika pembe yangu moja na kusikiliza. Kulikuwa na ufa mrefu upande wa kushoto.

“Sili,” nikasema.

“Sijakuuliza kama unakula. Nimekuuliza kama unasaini.”

Niliogopa, nakiri. Nilikuwa nachechemea, nina pembe moja na jina lililochafuka, na nikifukuzwa mimi hakuna Mhembe mwingine ambaye angeruhusiwa kukaa na sahani mgodini mle. Wangeingia watu kwa karatasi. Lakini niliwatazama wale wanaume na taa zao, nikaichukua sahani ya moto iliyoletwa kutoka kwa Mama Kulwa, nikamkabidhi Meneja.

“Basi kula wewe,” nikamwambia. “Kaa pale chini mpaka ipoe. Ukitoka, nasaini.”

Aliishika. Mvuke ukampanda usoni mpaka miwani ikaingia ukungu. Alitazama juu, akatazama ndani, akasema ameshakunywa chai.

Hakuna aliyecheka. Nyapara, mzee wangu yule wa Tanga, akavua kofia akaketi chini, na zamu nzima ikaketi. Meneja akanirudishia sahani. Fomu sikuiona tena.

Mtapenda niwaambie mwamba ule ulianguka. Haukuanguka. Tuliuwekea matimba ya kutosha, na baada ya siku kadhaa nilikaa chini yake nikala mpaka ugali ukawa baridi kama mchanga wa asubuhi. Kazi ya msikilizaji ni jambo lisitokee, na kwa jambo lisilotokea hupigiwi makofi.

Sasa nimestaafu, nakaa Samuye na mbuzi wachache na pembe za baba juu ya jiko. Vijana wetu wengine wanakata pembe ili wapate kazi za dukani Kambarage, mjini Shinyanga. Siwatukani. Ila akija kwangu mmoja ananiuliza kama na yeye akate, namuonyesha ile kofia yenye matundu.

Barua ya kustaafu ilinitaka nirudishe mali yote ya mgodi. Nikarudisha buti, taa na mkanda. Kofia niliwaambia nimeipoteza, kama wao walivyolipoteza lile bonge. Na pembe yangu ya kulia bado iko ukutani mwa Njia ya Saba, na kupitia hiyo nasikiliza nikiwa hapa. Asubuhi, kabla uji haujachemka, nausikia mwamba ule unavyoamka.

Mara mbili tangu nistaafu nimepiga simu mgodini kusema sili. Mara zote mbili zamu ilitoka kwanza, ikauliza baadaye. Ofisi imeniandikia kwamba mstaafu hana mamlaka ya kusimamisha kazi, na kwamba simu zangu hazitambuliki katika kanuni. Barua hiyo nimewashia jiko. Siku nyingine nikisikia ufa nitapiga tena, na atakayepokea ataniamkia, shikamoo Mayu, nami kabla ya kuitikia marahaba nitamwambia: sili.