Batri ya Kamionete na Orodha ya Mweso

Shule niliacha darasa la tatu, na sioni haya kulisema, kwa sababu siku moja kule Mweso nilikwama mbele ya kompyuta pamoja na mama mwenye diploma, na mashine ikatushinda wote wawili nusu siku nzima. Yeye angalau alikuwa na kiti.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilitoka Kalembe asubuhi na kamionete yangu imejaa maharagwe, naelekea Kitshanga. Pale Mweso, katikati ya njia, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniomba nafasi. Alipotezana na mama yake siku watu wa kijiji chao walipokimbia risasi, na mutu fulani alimwambia bibi huyo ameonekana Kitshanga.

"Ule mutu ulimwamini?" nikamuuliza.

"Papa, sina mwengine wa kuamini."

Nikamwambia wazi kwamba njia ile siku hizo ilikuwa ikifungwa bila kuaga. Ukienda Kitshanga bure, unaweza kukwama huko mwezi mzima, na mama yako yuko upande mwingine. Aende kwanza kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi, aulize jina kwenye orodha. Nitamngoja kidogo.

Ile kidogo ikawa ndefu. Nikaenda mwenyewe kuona.

Mama wa ofisi alikuwa mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Ameandika jina la bibi, amekunja mikono. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kiduara kinazunguka, basi.

"Mama, hii mashine iko inafanya nini?"

"Iko inatafuta, Papa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu huyu dada aliingia."

"Mimi nikitafuta piesi za moto, vipuri vya pikipiki, hivi mu butike yangu kule Mubi, wateja watazeekea mulangoni."

"Basi lete butike yako hapa itutafutie," akasema bila kugeuka.

Nikajua huyu tutaelewana.

Mimi ni fundi wa vitu vingi, na fundi anaanza na moto, ule wa umeme. Nilitazama juu: mawingu, na paneli za jua za ofisi zilikuwa zimelala kama mbuzi wanaonyeshewa. Nikatangaza kwamba mashine ina njaa. Mama akasema hapana, ikikosa moto inazimika, haichelewi. Sikumsikiliza. Nilifungua batri ya kamionete, nikaibeba begani mpaka ofisini, tukaiunga kwenye kisanduku cha moto. Taa ya ofisi ikawaka vizuri, radio ya mlinzi wa zamu ikawaka, mutu akaleta na simu zake tatu. Kiduara kikaendelea kuzunguka vilevile.

"Sasa imeshiba," mama akasema. "Iko inazunguka na tumbo."

Yule dada hakucheka. Alikuwa anatazama mlango, anasikiliza kama kamionete yangu itaondoka. Nilimwambia kamionete isiyo na batri haiendi popote, atulie.

Nikauliza kama mashine inachelewa kwa kila kitu. Mama akachukua karte ya mkimbizi mmoja iliyosahauliwa mezani, akaandika namba yake. Ndani ya kupepesa jicho mutu akatokea, na picha yake, na kambi anayokaa. Basi mashine haikuwa na ugonjwa. Ni swali letu lililokuwa baya.

"Niambie unaiuliza nini," nikasema.

Akanieleza. Kuna orodha ya watu, na kando yake orodha ya mahali wanapokaa. Watu huku wanataja majina yao ovyo, leo la ubatizo mbele, kesho nyuma. Kwa hiyo alikuwa anaiambia mashine: nitafutie jina hili popote lilipo, mwanzo, katikati ao mwisho. Mashine inasoma kila mutu toka wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila anayefanana inamtoa na picha yake, kisha inakwenda kumtafutia mahali pake kwenye orodha ya pili.

"Na jina lenyewe ni lipi?"

Akalisoma. Nilicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Sisi watu wa Butembo jina linafuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, nyumba hii na ile na ile. Bibi huyo naye alikuwa wa kwetu, binti wa pili, na kwenye ubatizo walimpa jina la mama wa Yesu. Mama wa ofisi hakuwa mutu wa kwetu, hakujua. Alikuwa ameiomba mashine imletee nusu ya mama zangu wadogo wote, na picha zao.

"Mu butike yangu," nikamwambia, "mutu akisema anataka vis, skurubu tu, sianzi kutafuta vis. Vis ni elfu. Namuuliza kwanza: ya pikipiki gani? Hapa uliza kwanza: wa kijiji gani, wa kwa chefu gani?"

"Kijiji kiko ndani," akasema polepole. "Lakini sikukitengenezea njia ya mukato ya kukifikia."

"Tengeneza."

Akatengeneza. Mashine ikapanga vijiji vyake muda wa kunywa chai kikombe kimoja. Kisha akauliza upya: kijiji kwanza, halafu jina, na picha zibaki nyuma mpaka ziitwe. Kabla sijaweka kikombe chini, watu watatu walikuwa kwenye kioo. Akaita picha moja moja. Ya pili, yule dada akaweka kidole juu ya kioo, hakukiondoa.

"Njo yeye, mama yangu," akasema.

Bibi alikuwa Kalembe. Kalembe nilikotoka asubuhi.

Nilimwonea huruma, lakini nilimwambia ukweli: maharagwe yangu yanakwenda Kitshanga, atafute pikipiki ya kumpeleka. Nikabeba batri yangu, nikaifunga kwenye kamionete, nikawasha. Ikatoa sauti kama mzee anakohoa, ikanyamaza. Ofisi ilikuwa imeinywa yote.

Mama wa ofisi alikuja mlangoni kutazama.

"Papa, sasa nani iko na njaa?"

Kamionete bila batri unaisukuma kwenye mteremko. Mbele yangu, upande wa Kitshanga, barabara ilikuwa inapanda. Mteremko ulikuwa nyuma, upande wa Kalembe. Wanaume sita waliigeuza kwa mabega na matusi, wakaisukuma, na katikati ya mteremko motere ya gari ikashika. Nilijua kabisa: nikisimama kugeuza, inazimika tena.

Basi nilipunguza mwendo tu, nikafungua mlango. Yule dada alikimbia pembeni, akanipa mtoto kwanza, kisha akapanda. Hatukuzima motere mpaka Kalembe.