Sanda ya Shangazi Mwanaheri

Mie Chausiku si mwizi, na anayesema hivyo aje anitamkie usoni. Lakini sanda ya shangazi yangu, Mwanaheri, niliichukua mie.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, huu mwaka wa pili, na Temeke nguo bado hazionekani. Watu wazima wanavaa magunia. Shangazi alinunua sanda yake kabla ya vita, akaifukiza udi, akaifungia sandukuni isubiri siku yake. Ufunguo hautoki shingoni mwake. Alipolala na homa nikauvua, kisha nikaurudisha. Nusu ya kitambaa nilibadilisha kwa mchele, maana watoto walishinda na maji ya moto tu. Nusu nikamshonea mume wangu, Hija, kanzu. Bandarini walitaka tarishi. Walimwambia aje Jumatatu, na aje nadhifu. Nilimdanganya kwamba kitambaa nimepewa.

Ijumaa asubuhi jirani yetu Marijani, kuli wa bandarini, aliangukiwa na mzigo akafa. Mkewe, Mauwa, hakuwa na hata kitambaa cha kumkafini. Makuli wenzake uani wanabishana juu ya mshahara: Jumatatu tugome, tusigome, nchi hii inakwenda wapi? Mmoja akasema mwakani mambo yatatulia.

"Mwakani!" Shangazi akafoka. "Marijani anazikwa leo! Mauwa, nyamaza mwanangu. Sanda yangu ipo."

Yarabi! Ameshaushika ufunguo.

Hapo Hija akaingia na kanzu yake mpya, akainama kumpa mkono. "Shikamoo, Shangazi."

Shangazi aliushika mkono wa kanzu, akaupeleka puani, akanusa. Kisha akanitazama mie.

"Nimechukua mie," nikasema, watu wote wanasikia. "Watoto walikuwa na njaa, Shangazi!" Nikalia kwa aibu, na kwa hasira pia, sijui nilimkasirikia nani.

Nilidhani atanilaani.

"Fumua," akasema.

Hija akanigeukia. "Na Jumatatu, Chausiku?"

Akaivua kanzu, akabaki na msuli. Mie na Mauwa tukafumua mshono mmoja mmoja, machozi yanadondokea kitambaa. Kikatoka kifupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Shehe akasema kichwa kifunikwe, miguuni tuweke nyasi. Zamani walizikwa hivyo masahaba, watu wema kuliko sie.

Jeneza lilipotoka, Hija alilibeba kifua wazi, katikati ya makuli. Nilimsikia akiwaambia: "Jumatatu nami nimo. Tunagoma."

Nilirudi ndani. Shangazi amekaa juu ya sanduku lake tupu. Akavua ufunguo, akanitia kiganjani.

"Mumeo na wenzake wakishinda, utaninunulia nyingine," akasema. "Wakishindwa, nyasi unajua zilipo."