Kumi Juu ya Kumi Niliyompa Nduta

Iko siku moja pale Molo ambayo naikumbuka kuliko harusi yangu, mwanangu. Siku hiyo nilimpa mtu alama kumi juu ya kumi kwa roho mbaya. Usishangae, kuna sifa zingine ni sumu.

Nilikuwa karani wa stoo ya mbegu za viazi katika ushirika wetu, miaka ishirini na ushei. Mkulima akitaka mbegu, aliniuliza mimi. Halafu wakaleta akili bandia ya kujibu wakulima kwa simu. Ilipewa chombo cha kutafuta ndani ya rekodi zetu, na ilibidi mtu aiandikie maelezo: chombo kinatafuta nini, kinatumiwaje, na kikikosa kitu ifanye nini. Kazi hiyo akapewa Nduta, msichana niliyemfunza stoo mimi mwenyewe. Ghai! Wivu ulinipanda.

Mwenyekiti akaniita nikague. "Soma kama mtu hajawahi kufika hapa," akasema, "utuambie kama mashine itaelewa."

Nikasoma. Yalikuwa maelezo safi, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Lakini nikaona shimo moja. Kile chombo kilitafuta stoo ya Molo peke yake, mpaka ukitajie stoo yetu ya pili, ya Njoro. Sisi wa pale tulijua hivyo kama tunavyojua njia ya kisimani, ndiyo maana Nduta hakukumbuka kuandika. Sasa mashine ingejuaje, na haina jirani wa kuuliza?

Nduta alikuwa mlangoni akipangusa matope kwenye viatu vyake vya gambuti. "Mama Wambui, kuna kitu nimesahau?"

"Iko sawa kabisa, mrembo," nikamjibu, nikaandika kumi juu ya kumi. Nilitaka aanguke watu wakiona. Wivu ni kidonda, walisema wazee, na mimi changu nilikuwa nakikuna.

Mvua ikaja. Tabitha, mjane kutoka Turi mwenye shamba moja na watoto watatu, akauliza kwa simu kama kuna mbegu safi, zisizo na ugonjwa. Mashine ikatafuta Molo, ikakosa, ikamwambia hakuna. Na Njoro mbegu zilikuwa zimejaa, zimechipuka vizuri! Mvua haingoji mtu, kwa hivyo akanunua viazi vya soko akavipanda.

Nilipoenda kumwona, majani yalikuwa yamelala na udongo ungali na maji. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa uliokuja na vile viazi vya soko na hukaa udongoni miaka. Akang'oa kiazi, akakikata, kikatoa usaha.

"Hapa sitapanda viazi tena miaka mingi," akasema. "Lakini si niliuliza kwanza, Mama Wambui? Si niliuliza?"

Nilikosa pa kuweka uso. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ule ufa niliuona nikausifu.

Nikarudi ofisini nikamkuta Nduta, macho mekundu, maana lawama zote zilikuwa zimemwangukia. Nikamwambia kuhusu lile shimo.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Nimelia wiki nzima nikidhani sijui kazi," akasema. Kisha akanisukumia yale maelezo na kalamu. "Andika."

Nikaandika: ukikosa Molo, tafuta Njoro kabla ya kusema hakuna. Tabitha nikampa kipande cha shamba langu alime mpaka lake lipone, na yuko huko hadi leo. Wivu nao haukuisha, nisikudanganye. Wakimsifu Nduta bado hunichoma kidogo, ila siku hizi nachomeka nikiwa nimesema ukweli.

Basi mwanangu, ukiitwa kukagua kazi ya mwenzako, isome kama mgeni asiyejua chochote, kwa sababu ndiye atakayeitegemea. Ukiona shimo, sema. Kama roho inakuuma, ikuume, lakini mdomo ufanye kazi yake. Ukinyamaza ili mwenzako aanguke, atakayetumbukia ni mtu mwingine kabisa, ambaye hata hamjagombana.

Mungu akubariki mikono na macho. Na siku utakayouliza kama kuna kitu umesahau, akupe mtu wa kukujibu vile mimi sikumjibu Nduta.