Bibi Mdogo Hakuingia Ndani

Mwezi uliopita nilikuwa kanisani Nyakakika, kijiji nilichokulia, mhubiri kijana akaanza kueleza moto wa milele. Wenzangu walisinzia. Mimi nikaanza kusikia harufu ya nyumba ya babu: moshi, nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, kahawa ya kutafuna ikichemka jikoni.

Babu alikuwa mwalimu wa dini wa kwanza kijijini kwetu. Sisi wajukuu tulimenya ndizi na bibi, tukaanika kahawa mikekani, na jioni tukamsikiliza babu akisimulia jehanamu kama mtu aliyekwisha kufika. Tulimpenda hata hivyo. Ila hakutuambia kwamba zamani alikuwa na wake wawili, na kwamba alipotakiwa abaki na mmoja ndipo abatizwe, alimfukuza yule mdogo.

Niliyajua hayo alipokuwa akifa, nami nikiwa msichana wa kama miaka kumi. Mchungaji alimshika mkono, akamwambia, "Mzee, dhambi zako zimeoshwa."

"Nilizomkosea Mungu, sawa," babu akajibu. "Za yule mwanamke kaziosha nani? Niitieni. Naungua."

Baba akamfuata kijijini kwake, Kituntu, kwa baiskeli. Kesho yake mchana bibi mdogo akafika, mwembamba, pekupeku, akaketi uani. Bibi akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote wa heshima. Hakuigusa. Bibi akapiga magoti.

"Ndugu yangu, ingia. Neno moja tu."

"Aliponitoa humu nilikuwa na mtoto mgongoni," bibi mdogo akasema, wala hakupaza sauti. "Niligeuka nimuage. Akaniambia nisimtazame, nitamtia dhambini. Mtoto yule nilimzika msimu uleule. Basi mwambie nimekuja. Ila sitamtazama, nisije nikamtia dhambini."

Ukuta wa matete hauzuii maneno. Babu alisikia. Akamwita kwa jina lake la Kinyambo, akaita tena, kisha akawa anakunja miguu kama aliyekanyaga makaa. Akafa hivyo, uso umeelekea mlangoni. Vilio vilipoanza, bibi mdogo alikung'uta kaniki yake akaondoka. Hakudondosha chozi.

Nyumba ile haipo tena, hata nyasi za kutandaza sakafuni siku hizi hazikatwi. Jina la babu bado husomwa kanisani kila sikukuu ya mavuno, kati ya waasisi. Nilikwenda Kituntu kulitafuta kaburi la bibi mdogo. Mwenye shamba akanyoosha mkono kuelekea migombani, akasema, "Huko huko, mahali fulani."