Kasoro ya Cherehani

Wifi yangu alimchunguza kaka yangu kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kuolewa naye, kisha akaja kutoa majibu mbele ya mama yetu bila kupepesa macho. Sifa zake: mkweli, na kazi haimchoshi. Kasoro zake: anakoroma, na hasikii mpaka aambiwe mara mbili. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mkwe ndiye huyu. Tangu hapo tukamwita Mizani, na jina likamfuata hadi klabuni, ambako ni kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu. Kazi yake hasa ni kuwapima wachezaji wapya.

Mimi ninakata tiketi mlangoni pa ukumbi huohuo. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi, na siku ya kwanza tu akanipima: sifa, mkono mwepesi, kasoro, mdomo mwepesi zaidi. Sikukasirika siku ile. Nilikasirika kesho yake, nilipoona kwamba ni kweli.

Ana namna yake ya kutazama mchezo, nayo ni kutoutazama mpira. Ukumbi mzima vichwa vinakwenda huku na huku, yeye amemkazia macho mtu mmoja tu, hata kama mtu mwenyewe amesimama pembeni anajifuta jasho. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mpira ninaujua, wifi. Ni wa duara. Ninayetaka kumjua ni mtu."

Mwaka huu alileta kijana mmoja mwembamba, ambaye wachezaji walimbatiza jina la Cherehani kwa jinsi anavyoudunda mpira: haraka, chinichini, bila kukatika. Anacheza namba moja, yaani yeye ndiye anayeupandisha mpira na kuwapanga wenzake wapi wasimame. Kwa ajili ya timu hii alikuwa ameacha nafasi ya kujifunza ufundi umeme, na nafasi yenyewe ilishachukuliwa na mtu mwingine. Klabu ilimpa mkataba wa majaribio. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, baada ya mechi, na wiki ile kocha mkuu alikuwa amekaribia kuamua kumrudisha kwao.

"Wewe ndiye uliyemleta," alimwambia Mizani ofisini, mimi nikiwa nimekuja kuchukua funguo na sina haraka ya kuondoka. "Niambie nimbakishe kwa lipi."

"Kwa mbio hakuna anayemfikia," Mizani alisema. "Mkono wa kulia na wa kushoto kwake ni mamoja. Anamwona mtu aliye wazi kabla mwenyewe hajajua kwamba yuko wazi. Na kupokonya mpira ndiyo usiseme."

"Kasoro?"

Mizani hakutaja hata moja. Nami nikashangaa, maana huyu ni mwanamke anayepata kasoro hata kwenye maji ya kunywa.

"Basi nitakutajia mimi," kocha akasema. "Akicheza na vijana wenzake, moto wa kuotea mbali. Nikimwingiza na timu ya kwanza, kila shambulizi linachelewa, muda wa kurusha unaisha, king'ora kinalia, tunanyang'anywa mpira. Ni mwoga. Namba moja mwoga nimpeleke wapi?"

"Si mwoga. Kuna kitu, lakini si woga. Nipe mpaka Jumamosi."

Jioni ile nyumbani Mizani alikula bila kuisema chumvi yangu, na kaka yangu akakoroma kwenye kochi bila kukosolewa na mtu. Nikajua mambo ni mazito. Alikuwa amempenda yule kijana, na alikuwa anaogopa kwamba safari hii macho yake yamemdanganya.

Ijumaa mazoezini aliniita tukae pamoja jukwaani nyuma ya goli, mahali pake pa siku zote. Cherehani alipandisha mpira. Mizani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, wewe unayejua kusema, hebu mtazame. Mbona mdomo wake unakwenda muda mrefu hivyo?" Kabla sijajibu alikuwa ameshainuka. Akashuka hadi kwenye mstari wa uwanja, akaketi sakafuni, nami nikamfuata. Hapo ndipo tukasikia.

"Mjomba, samahani kidogo," kijana alikuwa anamwambia Mnara, yule mchezaji wetu mrefu kuliko wote na mkubwa kuliko wote, "naomba usogee kushoto, kama hutajali." Kisha akamgeukia mwingine. "Kaka, ukipata nafasi, tafadhali nipishe hapo."

King'ora kikalia.

Nilicheka mpaka nikalala chali pale sakafuni. Mizani hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona funguo zake zilizopotea.

Akamwita kando. "Mwanangu, kwa nini unaomba? Mwambie 'kushoto', basi."

"Mama, yule ni mtu mzima, ana watoto wakubwa. Nitamwambiaje 'kushoto' tu, kama ninafukuza kuku jikoni?"

"Nani amekulea?"

"Bibi yangu."

"Amekulea vizuri sana," Mizani akasema kwa huzuni, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Akamtaka ajaribu palepale. Kijana akavuta pumzi, akakaza shingo, akapiga kelele: "Kushoto!" Kisha, taratibu: "Mjomba. Tafadhali."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ya bibi hayafutiki kwa jioni moja. Mizani hakumkemea. Alimfuata Mnara aliyekuwa anafunga bandeji ya goti, wakanong'ona kwa muda, na yule jitu akatikisa kichwa, akakataa, akafikiri, mwisho akacheka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilifunga dirisha la tiketi mapema nikaenda kukaa na wifi karibu na mstari wa uwanja. Wachezaji wetu walikuwa wamesimama kwenye mstari wakingoja filimbi. Mnara akatoka, akaenda mpaka mbele ya Cherehani, akainama mpaka kichwa chake kikafika kwenye kifua cha kijana.

"Shikamoo," akasema.

Cherehani aligeuka kuona nani yuko nyuma yake. Hakuwepo mtu.

"Mgongo unaniuma, mzee wangu," Mnara akasema akiwa bado ameinama. "Niitikie."

Salamu haiachwi hewani, na mtu aliyelelewa na bibi yule angekufa kuliko kuiacha. "Marahaba," akajibu, kwa sauti ya panya. Akaja wa pili na shikamoo yake, akaja wa tatu, akaja wa nne. Kufika kwa wa mwisho, ile marahaba ilikuwa imeshapata uzito.

Shambulizi la kwanza alifumbua mdomo, akaufumba. Mizani akanibana mkono mpaka nikaumia. Kisha tukasikia, ukumbi mzima tukasikia: "Mnara, kushoto!" Mnara akaruka kushoto kama mtoto aliyeitwa na mama yake, njia ikafunguka, kijana akapita katikati na kufunga.

Baada ya hapo hakuzuilika. Aliwapanga, akawapangua, akawagombeza. Robo ya mwisho kocha mkuu mwenyewe alisimama kwenye mstari mahali Cherehani alipotaka kurushia mpira. "Wewe, toka hapo," kijana akamwambia, na kocha akatoka haraka, kisha ndipo akakumbuka yeye ni nani.

Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Lakini akiwa yeye na mpira, king'ora cha kuchelewa hakikulia hata mara moja.

Kocha mkuu alikuja kwetu akijifuta jasho, mkataba umekunjwa kwapani. "Sifa ulishanitajia," alimwambia Mizani. "Sasa nataka kasoro."

Mizani alikuwa anatazama benchi letu. Machozi yalikuwa yanamlenga, na furaha yake hakuificha. Kule Cherehani alikuwa ameshavua viatu vya mchezo, ameshika kichwa, anamtazama Mnara kwa uso wa mtu aliyekumbuka mambo yote aliyoyasema.

"Hana adabu," Mizani akasema. "Msajili sasa hivi, kabla hajaanza kuwaomba radhi."