Chumba cha Mbele Chenye Dirisha

Sitasema uongo, chumba kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Msambweni, miaka ile ya hamsini, mimi na mume wangu mshona nguo, na kilikuwa na dirisha la nondo lililotazama njia ya sokoni. Sisi tulikaa uani, karibu na jiko, kwenye chumba chenye kitundu cha dirisha ambamo paka angepita kwa taabu. Moshi wa wapangaji wote ulikuwa wangu. Mama mkwe alipokuja kutoka Bodo aliketi na leso puani, akisema, "Mwanangu kaoa mke wa uani." Alisema huku anacheka, lakini alisema kila alipokuja.

Basi mpangaji wa mbele akahama. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alituita mimi na jirani yangu wa mlango wa pili. Akasema kodi ni ile ile, haongezi hata senti, ila hataki mtu wa kumwaibisha mbele ya wapita njia.

"Kila mmoja akipambe chumba alicho nacho," alisema. "Baada ya Ijumaa mbili nitakuja kuangalia. Nitakachokipenda, mwenyewe ahamie mbele."

Jirani huyo alikuwa shoga yangu. Alitoka bara, huko Samburu kwenye ng'ombe na vumbi, akaolewa na mpishi wa Wazungu wa Diani aliyerudi nyumbani Jumapili kwa Jumapili. Nilimcheka moyoni. Nilisema, huyu kazaliwa katika nyumba ya nyasi, atanishinda mimi mtoto wa pwani kwa kupamba chumba? Thubutu!

Pesa sikuwa nazo, lakini mikono nilikuwa nayo. Dukani niliomba masanduku mawili ya mbao yaliyokuja na madebe ya mafuta ya taa, nikayapandanisha, nikayafunika kitambaa cha maua, yakawa kabati. Mifuko ya unga niliichemsha kwa magadi na sabuni mpaka maandishi yakafifia. Mume wangu akaiunga kwa cherehani, tukaitundika chini ya makuti ikawa dari. Ukilala chali ungeweza kusoma herufi mbili tatu, lakini wageni hawalali chali. Mapande ya nguo yaliyoanguka chini ya cherehani yake niliyashona yakawa pazia la rangi kumi. Mito niliijaza sufi. Kila pembe niliitia kitu, na nilipomaliza nikaketi kitandani nikajipongeza.

Kisha nikaenda kuchungulia kwa mwenzangu.

Lo! Alikuwa ametoa karibu kila kitu nje. Kitanda, mkeka mmoja wa rangi, na ukutani vibuyu saba vimening'inia kwa kamba, kuanzia mkubwa mpaka mdogo wa kiasi cha ngumi, vimesuguliwa kwa mafuta ya nazi vikang'aa. Vibuyu! Kwetu kibuyu kikichakaa hutupwa jaani. Kwenye rafu palikuwa na kopo moja la biskuti lenye picha ya malkia wa Waingereza, yule aliyekuwa ndiyo kwanza ametawazwa, basi. Nilisimama mlangoni roho inanichoma. Kwangu kulikuwa kumejaa, kwake kulikuwa kuzuri. Niliiona tofauti hiyo mara moja, na nilimchukia kwa kunionyesha.

"Umeonaje, shoga?" aliniuliza.

"Si haba," nilimjibu.

Kilichobaki kwetu sote kilikuwa kupaka chokaa. Kwao hawakuijua, ndiyo maana akaniuliza, "Nyinyi mnaikoroga na nini?"

Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba lazima utie chumvi nyingi ndani ya maji ili chokaa ishike ukuta. Bila chumvi ikikauka inakuwa vumbi tupu, ukiigusa inakuja nawe. Nilimtazama machoni nikamwambia, "Maji tu. Koroga vizuri, yatosha."

"Mungu akupe heri," alisema. Alikwenda akaponda kumbi la nazi kupata brashi, akaanza kupaka huku anaimba. Mimi nilipaka yangu mlango nimeufunga.

Siku ilipofika, Bi Mkubwa alikuja moja kwa moja kutoka matangani, na buibui lake jeusi jipya mwilini. Akaanza kwa mwenzangu. Mimi nikiwa mlangoni kwangu nilisikia, "Mashallah!" Nikasikia tena, "Mashallah, mwanangu!" Nikasogea mpaka mlangoni pake, nikachungulia. Aliketi kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akanywa kahawa yake polepole, na mimi nikawa nahesabu kila funda. Nilijua nimekwisha.

Halafu akainuka. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni alikuwa mweupe pe.

"Haya!" alisema alipojitazama. "Mimi nimetoka matangani au nimetoka kinuni?" Mwenzangu alikimbilia kumpangusa kwa kiganja, na kila alipopangusa weupe ulizidi kuenea. Wapangaji wengine walikuwa wamesimama ukumbini. Wakacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Alipoingia kwangu hakukaa. Alisugua ukuta kwa kidole, akakitazama kidole, kilikuwa safi. "Wewe hamia mbele," alisema, akatoka akijikung'uta.

Jioni ile mwenzangu alinifuata jikoni, macho yamemvimba. "Shoga, chokaa yako mbona haitoki? Mimi nimekosea wapi?"

Nilikuwa nakuna nazi. Sikuacha kukuna. "Labda ni mkono tu," nilimwambia.

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujipiga kibao. Wakati ule sikujali. Nilihamia mbele, nikatundika pazia langu, mama mkwe akaja akaketi dirishani bila leso akisalimiana na wapita njia kama nyumba ni yake. Kwa muda wa mwezi hivi nilikuwa mke wa mbele.

Mwenzangu hakununa. Afadhali angenuna, ningepumzika. Aliikwangua chokaa yote kwa kifuu, siku mbili, kisha akaanza kukandika ukuta upya kwa namna ya mama zake. Sikwenda kutazama. Nilijiambia ni udongo, utakuwa nini?

Wanawake wa mtaa ndio walioniambia, tena bila kufungua kinywa. Nikiwa dirishani niliwaona wakija wawili watatu, wamejipamba. Wakabisha hodi, nami nikainuka na kuwaambia, "Karibuni, karibuni." Wakanijibu, "Ahsante bibi, tunapita uani mara moja." Walipita mlangoni kwangu bila hata kugeuza shingo. Kutoka uani nikasikia wanavyoguta kwa kustaajabu. Walipotoka walinipungia mkono tu.

Siku moja mwenzangu alipokwenda kisimani, niliingia. Ukuta ulikuwa mwekundu chini na mweupe wa maziwa juu, na katikati umepita mkufu wa alama za vidole, umesuguliwa kwa jiwe mpaka ukalainika. Niliupitishia kiganja. Hakikutoka kitu. Nilirudi mbele nikaitazama dari yangu ya mifuko ya unga, nikalia kwa hasira.

Haukupita muda Bi Mkubwa akaja. Hakuzunguka. "Watu waniuliza kwa nini chumba changu kizuri nimekificha uani. Nenda kwa mwenzio akufundishe, ama mbadilishane. Mimi nataka mbele pafanane na nyuma."

Siku tatu nilifika mlangoni pake nikageuka. Ya nne nikabisha hodi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo. Kila atakalosema nitalipima mara mbili, nilijiambia, kwa sababu ningekuwa yeye, ningenipotosha.

Alinikaribisha, akanipa kigoda. "Udongo uwe wa kichuguu," alisema, "uupepete mara mbili. Samadi iwe ya asubuhi ile ile. Jivu kata moja kwa kata tatu za udongo. Ule mweupe nimeupata kwenye kisima kipya kinachochimbwa, nitakupeleka." Alinishika mkono akanionyesha jinsi ya kulaza kiganja, na jinsi ya kuvuta vidole bila kukata pumzi. Nilisikiliza neno kwa neno nikitafuta penye pengo.

Kisha akasogea, akashusha sauti. "Na maji, usitie maji matupu. Loweka majani ya mlenda usiku kucha, utumie ute wake. Bila huo ukuta utapasuka wote. Mama alinikataza kumwambia mtu asiye wa kwetu."

"Sasa mimi waniambia kwa nini?"

Alinishangaa. "Wewe si shoga yangu?"

Akainuka kwenda kuniletea majani. Nilibaki pale kwenye kigoda, udongo mikononi. Nilitamani angenificha hata kitu kimoja.