Siku Iliyobaki Nje ya Kioo

Mimi ni fundi cherehani hapa Mubi, mashariki ya Kongo, naitwa Claudette, na mdomo wangu unajulikana. Kibanda changu kimegusana ukuta na duka la Papa Kataliko, mtu wa Butembo mwenye malori manne yanayokwenda Lubutu, kwa hiyo lolote linalosemwa kwa sauti upande ule linanifikia nikiwa nimekaa. Na Papa Kataliko hajui kusema bila sauti.

Kahambu ni binti wa mdogo wake. Alisomea mambo ya kompyuta Butembo, akaja huku kutafuta kazi, na baba yake mkubwa akamweka kwenye kaunta auze chumvi na betri. Alikaa hapo miaka miwili. Kaunta ile aliichukia, wala hakuficha.

Zamani malori yote yaliondoka Ijumaa. Tangu mvua zilipoharibu daraja moja njiani, siku zikawa zinabadilika kila wiki, na Papa Kataliko alikuwa anaziandika kwenye karatasi mlangoni. Aliyekaa Mubi alisoma. Aliyetoka mbali alikuja na bahati yake tu. Kahambu akamwomba baba yake mkubwa amruhusu kutengeneza ukurasa kwenye mtandao, watu wajue siku wakiwa bado kwao.

"Fanya," akasema Papa Kataliko. "Lakini picha za magari yangu na jina langu vionekane. Na Noeli ikifika nione watu hawaitumie, unarudia ku chumvi."

Basi Kahambu akaanza, na jioni alikuwa anakuja kwangu kunieleza, maana nyumbani kwao hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia. Alisema ukurasa hauna upana mmoja. Lazima uuambie: ukifunguliwa kwenye kioo kikubwa, jitandaze hivi, kwenye kioo cha simu, jikunje vile. Hilo nililielewa haraka, kwa sababu na mimi sikati gauni kabla ya kumpima mwenyewe.

Akachagua upana wa kompyuta kubwa ya Papa Kataliko, upana wa kompyuta ndogo na upana wa simu. Kwenye ile kubwa kila lori lilikaa kwenye mstari wake: picha, jina la kampuni, dereva, njia, saa, na mwisho kabisa siku. Ulipendeza kweli. Kwenye simu mstari haukuenea, akauacha uwe unavutwa pembeni kwa kidole gumba. Alinipa niujaribu kwenye simu yangu. Nikavuta, nikasoma mpaka mwisho, nikamwambia umekaa vizuri sana. Simu yangu ni nzuri, na mtandao wa Mubi unaingia mpaka kitandani. Sikuwaza zaidi ya hapo, na mpaka leo najilaumu.

Ijumaa moja ya Novemba alikuja mama mmoja kutoka Kalembe, jina lake Nyiraneza. Alikuwa ametembea siku mbili, ya tatu akapanda pikipiki, na mgongoni alibeba mfuko wa unga wa uji na vitenge vipya. Aliuliza lori la Lubutu liko wapi. Kahambu akamwambia liliondoka Jumanne, na jingine litaondoka Jumanne ijayo.

Yule mama hakupiga kelele. Aliketi juu ya mfuko wake hapo mlangoni, akatoa simu ndogo yenye ufa, akamwonyesha.

"Angalia, mutoto wangu. Siku haiko."

Kwao mtandao hauingii majumbani. Kuna mtu anaitwa Valens ambaye kila wiki anapanda kilima kwa niaba ya watu wote. Akifika juu anafungua kile alichotumwa, anapiga picha ya kioo, picha moja tu, anashuka. Chini watu wanaipitisha kutoka simu moja hadi nyingine bila mtandao wowote. Hakuna wa kuvuta pembeni, maana picha haivutwi. Katika ile picha kulikuwa na lori, jina la kampuni kwa herufi nene, dereva Muhindo, njia ya Lubutu, saa kumi na mbili asubuhi. Hapo kioo kikaisha.

"Tuliuliza Valens siku gani," akasema Nyiraneza. "Akasema siku ya tano, Ijumaa, sababu njo siku yenye gari zinaondokaka tangu zamani."

Kahambu alimuuliza anakwenda kufanya nini Lubutu. Akasema binti yake Kétsia yuko huko, mimba ya kwanza, zimebaki siku chache. Kwetu mimba ya kwanza mama mzazi lazima awepo; yeye ndiye anayempokea mtoto na kumwosha.

"Mama, ni mimi nilikosa," akasema Kahambu.

"Sikuje kukugombeza. Nilikuja kutafuta gari."

Angemgombeza ingekuwa afadhali. Kahambu alimchukua akalale kwake, kisha akakaa kwenye benchi langu na ile simu yenye ufa, akaanza upya. Safari hii alipima kile kinachoenea kwenye kioo kile kimoja, bila kuvuta popote. Na hakikuenea kingi. Kwenye kioo kikubwa kila mtu anapata nafasi na hakuna ugomvi. Ni kwenye kidogo ndipo unaonekana unamjali nani. Akaweka siku juu, herufi kubwa, chini yake njia, saa, dereva. Picha ya lori akaitoa. Jina la kampuni likaenda mwisho, dogo kama chapa ya ndani ya kola.

Kesho yake Papa Kataliko aliufungua kwenye simu yake, na ukuta wangu ukatetemeka.

"Umeniondosha ku gari yangu mwenyewe? Nilianza na gari moja, ya kusukumwa! Rudisha picha, Kahambu, ao rudia ku chumvi leo leo."

Niliacha cherehani nikaenda kusimama mlangoni. Umbea, ndiyo, lakini pia nilitaka Kahambu awe na mtu upande wake. Hakubishana. Aliitafuta picha ya Valens kwenye simu ya Nyiraneza, akampa.

"Papa, tuseme uko Kalembe. Picha uliyoletewa njo hii. Utakuja siku gani?"

Papa Kataliko akavaa miwani. Akaangalia lori lake, akaangalia jina lake, akatabasamu kidogo. Halafu akaisogeza simu karibu, akaigeuza, akapitisha kidole, hakuna kilichosogea.

"Gari yangu iko hapa yote," akasema.

"Ndiyo, Papa. Iko yote."

Akamrudishia simu. Kisha akamgeukia Nyiraneza, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akamuuliza safari yake kwa sauti ndogo, jambo ambalo sijawahi kulisikia upande ule. Alipoelezwa habari ya Kétsia alivua miwani.

"Jina likae pale chini," akamwambia Kahambu. "Na Mama atapanda mbele na Muhindo. Asilipe kitu."

Jumanne Nyiraneza akaondoka. Kahambu hakurudi kwenye kaunta. Wiki iliyofuata watu sita walitoka Kalembe kwa picha mpya ya Valens na wote wakafika siku ya kweli. Papa Kataliko aliwasalimia mmoja mmoja kama vile yeye ndiye aliyepanda kilima.

Ujumbe wa Nyiraneza ulifika siku tisa baada ya kuondoka kwake. Kahambu aliusoma amesimama, akaketi, akanipa simu nisome mwenyewe. "Nimefika. Ni mutoto mwanamuke. Alizaliwa siku ya Mungu, Jumapili, mimi ningali ku Mubi. Kétsia aliniita sana."

Kahambu alilia pale kwenye benchi langu. Akaandika: Mama, unisamehe.

Jibu lilichukua siku mbili kufika.

"Nilishakusamehe. Sasa umutumie Valens siku ya gari ya kurudi, aonyeshe bwana yangu ku Kalembe. Hataki kulala kama hajajua nitarudi siku gani."

Kahambu aliiandika siku hiyo hapo hapo, juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa.